Pampu Chini ya Kitanda

Nairobi
3 Oktoba 2024

Baba,

Ningekupigia simu, lakini najua utaiweka sikioni, useme "haya, haya", halafu urudi kwenye majani yako ya chai bila kusikia neno hata moja. Miaka thelathini na moja kando ya boila za kiwanda imekumalizia masikio, kwa hiyo tuandikiane. Barua zangu zitakuja na matatu ya Kericho, nawe utazichukua pale ofisi ya vifurushi Kiptere.

Mimi na Janefer tulifika salama. Asante kwa kulipatia lile gari la kulala nafasi katika boma. Hapa Nairobi hakuna mahali pa kuegesha gari lenye kitanda, sinki na bafu ndani yake, watu wangeling'oa vipande vipande. Kama nilivyokueleza, wageni wa kwanza wa kulikodi wataanzia safari Kericho tarehe 14 Desemba. Nikifaulu na hao, nitaacha kuendesha magari ya wenyewe. Nisipofaulu, sijui.

Kitu kinachonitia wasiwasi ni pampu ya maji. Ikikaa bila kazi inakauka raba za ndani. Kwa hiyo kila Alhamisi naomba uwashe swichi iliyo juu ya sinki, ufungue bomba la sinki, halafu la bafu, mpaka maji yatoke bila kukohoa. Ukifunga, pampu itanguruma kidogo na kunyamaza yenyewe. Hapo zima swichi. Usiache tangi liwe tupu pampu ikivuta hewa.

Pampu yenyewe iko chini ya kitanda. Inua godoro, toa ule ubao, utaiona pamoja na kichujio chake kidogo. Kichujio ukisafishe mara moja kwa mwezi, maji ya huko yana udongo mwekundu. Najua umeshika pampu kubwa kuliko hii, lakini hii ndiyo yangu.

Mwanao,
Nyamwange

*

Kiptere
13 Oktoba 2024

Kwa mwanangu Nyamwange,

Nimepata barua. Sisi huku wazima, mvua inanyesha kila alasiri na majani yanachipuka kuliko mikono iliyopo.

Alhamisi pampu imewashwa. Maji yametoka sinki na bafu, safi. Mabomba yakafungwa, pampu ikanyamaza. Lakini mimi huwa siamini mashine kwa sababu imenyamaza. Nikasema swichi isizimwe kwanza. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye bodi ya gari kwa nje, na mpini kwenye taya, kama nilivyokuwa nikizisikiliza feni za kiwandani masikio yalipoanza kuniacha. Mfupa unasikia. Baada ya dakika ishirini pampu ikanguruma tena, na hakuna mtu aliyegusa bomba. Nikangoja. Dakika ishirini nyingine, ikarudia.

Kuna kitu hakiko sawa. Swichi imezimwa.

Kichujio hakijafunguliwa.

Baba yako,
Obure

*

Nairobi
17 Oktoba 2024

Baba,

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nabaki na maswali.

Pampu hiyo haiamki bure. Bomba likifunguliwa maji yanalegea kwenye paipu, ndipo inawaka. Ikiamka yenyewe, ama paipu inavuja mahali, ama kuna mtu anatumia maji. Je, kulikuwa na mtu ndani?

Tena, funguo unazo wewe peke yako. Kwa nini ulikuwa unasikiliza pampu kwa nje, kwa bisibisi, mlango ukiwa hapo hapo? Na unaandika "maji yametoka", "swichi imezimwa". Imezimwa na nani? Wewe hujawahi kuniandikia hivyo. Ukichuma kilo ishirini unaandika "nimechuma".

Tafadhali niambie mambo mawili tu: ulichokiona chini ya kitanda, na tangi limebaki na maji kiasi gani. Kipimo chake kiko karibu na mlango.

Nyamwange

*

Kiptere
27 Oktoba 2024

Nyamwange,

Unauliza kama askari wa kituo. Nilikuwa nikikagua mashine kabla hujajua kufunga kamba za viatu.

Tangi limepungua robo. Udongo chini ya gari, nyuma ya gurudumu la nyuma la kulia, una unyevu hata siku isiyo na mvua. Kwa hiyo inavuja, na inavuja pale paipu inapotoka kwenye pampu. Klipu imelegea kwa mitikisiko ya barabara. Hilo halihitaji kuonwa, linahitaji kufikiriwa.

Kuhusu chini ya kitanda, sijaona kitu.

Nina ombi. Kama Janefer ana nafasi, aje hata siku moja aondoe vitu vyenu vilivyo ndani, matandiko na nguo. Gari likibaki tupu kazi itakuwa rahisi.

Obure

*

Nairobi
6 Novemba 2024

Baba,

Janefer yuko zamu za hospitali mpaka mwisho wa mwezi, hawezi kuja. Na nilipomsomea ombi lako aliniuliza: kwa nini baba anataka vitu vyetu vitoke? Anataka kuweka vya nani?

Sikutaka kuliandika hili. Mosoti wa duka lililo mkabala na lango amenipigia simu. Anasema kila Alhamisi asubuhi kuna mwanamke anayeingia kwenye gari langu. Anasema wewe ndiye unayemfungulia, unaushika mlango, na muda wote akiwa ndani unasimama ukiwa umegeuza uso upande wa barabara, kama mtu anayelinda asije mtu. Mwanamke anatoka amelowa mikono. Mlango unafungwa. Nilimwuliza Mosoti kama ana hakika, akasema ameona Alhamisi nne mfululizo.

Na juzi amenipigia tena. Anasema umelala chini ya gari na msumeno wa chuma, unakata bati.

Baba, unakata nini kwenye gari langu?

Tangu mama aondoke sijawahi kukuuliza habari za maisha yako, wala sitaki kuziuliza. Kama una mtu, una haki. Lakini una nyumba yako ya mabati yenye vyumba vitatu. Gari hilo lina kitanda changu. Wageni watafika baada ya wiki tano, na mimi sijui kama nitakuta gari au mifupa yake.

Nitaongeza moja, kwa kuwa nimeshaanza. Mwaka jana ulikuja Nairobi kwa mara ya kwanza tangu nioe. Janefer alipika tangu asubuhi. Ukala ukiwa umeketi nje kwenye kibaraza, ukaaga, ukaenda kulala Embakasi kwa shangazi Nyabate. Ulisema kwetu kuna kelele, wewe usiyesikia. Janefer alilia siku ile, na mimi nilimdanganya kuwa umechoka. Nimeanza kuona kuwa kuna mambo yetu usiyoyataka, na mengine unayoyachukua bila kuuliza.

Nijibu wazi safari hii.

Nyamwange

*

Kiptere
12 Novemba 2024

Nyamwange,

Sasa nimejua kwa nini Mosoti ameacha kupanga sukari yake na kukaa mlangoni siku nzima. Umeniwekea mlinzi katika boma langu mwenyewe. Leo asubuhi nimemkuta kwenye ua anajifanya anatafuta kuku. Mosoti hana kuku.

Mwanamke unayemsema ana jina. Ni Syprose Akello, mjane, mpaka wake wa chai na wangu ni mmoja, na amekupa uji ukiwa mdogo. Usimwandike tena "mwanamke".

Bati nimekata, ni kweli. Nilichokata utakiona ukikiona.

Unataka nijibu wazi. Kuna mambo baba hamwandikii mtoto wake, na wewe ungepaswa kuyajua bila kuandikiwa. Kama huyajui, basi kosa ni langu niliyekulea, na mimi na wewe hatuna la kuongeza.

Pampu haitakuaibisha mbele ya wageni. Hilo nakuahidi.

Obure

*

Nairobi
19 Novemba 2024

Baba,

Nimeelewa kwamba hutaki kusema.

Jumamosi tarehe 23 atakuja Owino, dereva mwenzangu. Nimempa barua ya ruhusa. Mpe gari na funguo zote mbili, ile ya mlango na ile ya kuwashia. Nitalikagua mwenyewe hapa gereji, na kuanzia sasa nitatafuta mahali pengine pa kuliweka, hata kama ni kulipia.

Sikuwahi kufikiri ningekuja kukuandikia maneno haya. Yananiuma, lakini siwezi kuweka mategemeo yangu yote mahali ambapo naambiwa nisiulize.

Nyamwange

*

Kiptere
23 Novemba 2024

Mwanangu Nyamwange,

Naitwa Syprose Akello. Utanikumbuka. Ulipokuwa darasa la pili ulianguka kwenye mtaro wetu na mimi ndiye niliyekuosha. Barua hii naificha kwenye droo ya sinki kwa sababu baba yako akijua nimeandika atanikasirikia mpaka mwaka uishe.

Umemtuma Owino Jumamosi. Wewe ni mtoto wa Msabato, unajua Jumamosi mzee yuko wapi. Ametoka asubuhi na Biblia yake, akanipa funguo kwenye kitambaa, akasema nimkabidhi mtu wako. Owino alipoona mimi ndiye mwenye funguo alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni, na najua ameshakupigia. Sasa wacha na mimi niseme.

Baba yako hajakanyaga hata ngazi ya gari hili. Hata siku moja. Siku mlipolileta nilikuwa hapo nimebeba kikapu. Ulimwambia, "Baba, sasa hii ndiyo nyumba yangu na Janefer." Ulikuwa unacheka. Yeye hakucheka. Mkalala humo siku mbili, kisha mkamwachia funguo, ukamwandikia aingie, ainue godoro.

Jiulize, tangu ulipotoka jandoni ukajengewa chumba chako kule nyuma, ulimwona lini akivuka mlango wako? Alikuwa akikuamsha kwenda shule kwa kugonga ukuta na spana kwa nje. Sisi wa ng'ambo ya mtaro tulikuwa tunaamka pamoja na wewe. Heshima hiyo nyinyi mnaiita chinsoni. Kwetu kando ya ziwa pia tunayo, kwa namna yetu. Baba haingii mahali mtoto wake analala na mkewe. Na hata kuzungumza habari ya kitanda hicho na mtoto ni aibu ile ile, ndiyo sababu hakukujibu. Ulikuwa unamwuliza jambo ambalo mdomo wake hauwezi.

Mimi nilimwambia, mzee, hilo ni gari tu, lina magurudumu. Akaniuliza, "Ni gari gani lina kitanda cha mtoto wangu na mke wake?"

Kwa hiyo Alhamisi ninaingia mimi. Yeye ananifungulia, anageuza uso barabarani asione ndani, na kutoka huko nje ananipigia kelele: washa, fungua la sinki, funga, subiri. Na kwa vile hasikii, na mimi namjibu kwa kelele, Mosoti amesikia kila kitu. Shida ya Mosoti ni kwamba anapenda hadithi ndefu kuliko hiyo.

Siku ya kwanza nilikuta nguo ya kulalia ya Janefer imeachwa juu ya mto. Nilivumilia mpaka Alhamisi ya tatu, nikatoka nikamwambia mzee kuna nguo ya mama wa nyumba. Aliinamisha kichwa akaenda zake kwenye chai, hakurudi mpaka jioni. Ndipo akakuandikia Janefer aje aondoe vitu. Nasikia mlimjibu vibaya.

Kuhusu pampu, nilitaka kuinua godoro mimi mwenyewe, ni kazi ya dakika mbili. Akakataa. Akasema hatamtuma mtu mwingine kupindua kitanda cha Janefer. Akapima kwa nje na kamba, akagonga na kusikiliza kwa taya, halafu akalala chali kwenye matope siku tatu na msumeno. Ana miaka sabini na mbili. Usiku alikuwa anakohoa nikamsikia kutoka kwangu.

Tazama nyuma ya gurudumu la nyuma la kulia, juu kidogo. Kisha ufikirie la kumwandikia. Ukikosa, usiandike kitu, lakini usimwandikie tena kama ulivyoandika.

Ni mimi jirani yenu,
Syprose Akello

*

Nairobi
1 Desemba 2024

Baba,

Gari hili nimempa Owino akuletee Jumatatu. Sikumtuma Jumamosi. Barua hii nimeiweka mahali ambapo nilijua mkono wako ndio utakaofika kwanza.

Imenichukua wiki nzima kuiandika. Siku gari lilipofika nilikwenda nyuma ya gurudumu la kulia nikiwa na hasira, nikitafuta tundu. Nikakuta kidirisha. Bawaba mbili, ukingo umezungushiwa raba ya gambuti ili mvua isiingie, na kufuli dogo ambalo ufunguo wake ulikuwa umefungwa kwa waya pembeni. Ni kama vile vidirisha vya mafundi ulivyonionyesha kiwandani nilipokuwa mtoto, ubavuni mwa mashine za kukaushia majani. Nilikifungua, pampu ikawa mbele ya uso wangu. Klipu mpya. Kichujio cheupe, bila chembe ya udongo. Niliwasha swichi nikaketi chini na saa mkononi. Dakika ishirini zikapita, arobaini, saa nzima. Haikuamka.

Fundi wa gereji aliniuliza nani amefanya kazi hii, kwa sababu yeye kwa kawaida hutoa kitanda chote ili kuifikia pampu ya namna hiyo. Nikamwambia ni baba yangu. Halafu nikaingia nikafunga mlango, na sitakuficha, nililia.

Kitanda nilikikuta kama tulivyokiacha. Mkunjo ule ule wa shuka.

Nimeelewa, Baba, na sitakuandikia nilichoelewa. Hata ule usiku wa Embakasi nimeuelewa. Janefer naye nilimweleza. Akachukua basi akaenda Embakasi kwa shangazi Nyabate kuuliza wewe hupenda kula nini.

Nilikushuku. Nilimwacha mtu akuchunguze, nikamwamini yeye kuliko wewe, nikakunyang'anya funguo. Nimekukosea na naomba unisamehe. Mama Syprose nitamwomba msamaha uso kwa uso.

Karibu na kidirisha chako nimeongeza kitu. Utaona bomba dogo la shaba kwa nje. Nimelitoa kwenye paipu ile ile ya pampu. Nimeweka na swichi ndani ya kidirisha, ili Alhamisi usimpigie mtu kelele. Unaweza kuijaribu pampu, kunawa, hata kuchota maji ya chai, ukiwa umesimama pale pale unapotaka kusimama.

Funguo zote mbili nimezirudisha. Ni zako.

Mwanao,
Nyamwange

*

Kiptere
5 Desemba 2024, Alhamisi

Kwa mwanangu Nyamwange,

Gari limefika. Barua nimeikuta kwenye kidirisha, imelowa kidogo pembeni, kwa hiyo raba nimeibadilisha. Ile ya kwanza ilikuwa gambuti kuukuu.

Leo nimefungua bomba la nje. Pampu ikaamka mara moja. Nikafunga, ikanyamaza. Nikaweka bisibisi na taya nikangoja saa nzima, kimya. Umefunga paipu vizuri, ila umekaza sana kwenye kona, nimelegeza robo.

Nimenawa uso. Maji ni mazuri. Nikachota birika moja, Syprose akaleta majani na maziwa, tukanywa pale kando ya gari. Mosoti alikuwa amesimama dukani akitazama, nikamwita naye aje anywe. Amekunywa vikombe viwili bila kusema kitu, na hiyo ni mara ya kwanza.

Yaliyopita nimeyaacha. Mwambie Janefer ninakula kila kitu, asisumbuke. Lakini akipika, mimi nitakaa kibarazani, na asidhani simpendi. Ni binti yangu.

Funguo nimempa Owino akurudishie zote. Nyumba ni ya mwenyewe na mkewe. Mimi mlango wangu ninao.

Baba yako,
Obure